Ukiambiwa "ni mawazo tu", ugonjwa uko wapi?

Mtu ametoka Kisauni alfajiri, amepanga foleni hadi saa sita, amepimwa damu, mkojo na moyo, na mwisho anaambiwa: "Vipimo viko sawa mama, ni mawazo tu." Anatoka na pakiti ya vidonge vya maumivu mkononi, na kichwa kinamgonga vilevile. Alichosikia yeye ni kwamba anasingizia. Akifika nyumbani, jirani anamwambia kinyume chake: daktari yule hajui kitu, huo ni ugonjwa wa mwili, katafute sindano kali.

Wote wawili wanamtaka achague, ama mwili ama mawazo, na hapo ndipo wanapomkosea. Deni, hofu, msiba, dharau ya kazini, bomba lisilotoa maji: yote haya huufikia mwili, na hupita njia zinazojulikana. Iko njia ya neva na homoni. Iko njia ya mwenendo, yaani unachokula, unavyolala, kidonge unachokiruka. Iko njia ya matarajio, kile ambacho ubongo unakingojea kabla hakijatokea. Na iko nafasi ya mtu katika jamii, ambayo mara nyingi ndiyo inayoamua kama matibabu yatamfikia au la. Ukishajua ni njia ipi imetumika, unajua pa kuziba. Usipojua, utabaki na ule ushauri wa "usifikirie sana", ambao haujawahi kumlipia mtu kodi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1977 daktari Mmarekani, George Engel, aliandika katika jarida la Science akiwataka wenzake wautazame mwili, nafsi na jamii kwa pamoja. Vyuo vya udaktari vinalifundisha. Ugumu ni kulitumia wakati foleni imefika getini.

Vidonda vya tumbo na kosa la kuyumba

Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wenye wasiwasi. Mgonjwa alipewa maziwa, dawa ya kupoza asidi na nasaha ya kutuliza roho. Kisha mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kuotesha bakteria waliotoka matumboni mwa wagonjwa, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, na tumbo lake likapata uvimbe wa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Baada ya hapo watu wakayumbia upande wa pili: kumbe mawazo hayahusiki kabisa. Lakini karibu nusu ya watu duniani wamewahi kubeba bakteria hawa, na wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote. Kinachoongeza uwezekano ni pamoja na sigara na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Na hao bakteria wenyewe wanaambukizwa zaidi utotoni, katika nyumba zilizosongamana na zenye shida ya maji. Hata kijidudu, basi, kina mtaa wake.

Matibabu ya kawaida ni siku 14: dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi. Yanapoharibika huharibika kwa namna ileile. Siku ya tano maumivu yameisha, mgonjwa anaweka akiba vidonge vilivyobaki kwa ajili ya siku nyingine, au anamgawia shemeji anayelalamika tumbo. Bakteria waliosalia wanakuwa sugu. Kosa la pili liko kwenye kupima tena. Kipimo cha damu kinatafuta alama za kinga, na alama hizo hubaki muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hivyo wako walioambiwa "bado unao" na kumezeshwa dawa mara ya pili bure. Kipimo cha kuaminika ni cha kinyesi au cha pumzi, kifanywe angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli iwe imeachwa wiki mbili kabla, la sivyo jibu linaweza kuwa la uongo.

Sekunde, dakika, miezi

Ukishtuka, tuseme bodaboda imekukosa kidogo tu barabarani, neva huamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Ndani ya sekunde zinamwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inajibana, presha inapanda. Nyuma yake inakuja kortisoli, inayofika kilele baada ya kama dakika 20 hadi 30. Mojawapo ya kazi zake ni kuliamrisha ini limwage sukari kwenye damu, maana mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Ndiyo sababu mwenye kisukari anaweza kuamka sukari imepanda baada ya usiku wa ugomvi, na hali hakutia kitu kinywani. Familia nyingi humshuku kwamba amekula haluwa kwa siri, na kumshuku huko kunaipandisha tena.

Mpango huu unafaa sana kwa hatari inayokuja na kupita. Unachoka kwa hatari isiyopita: kodi ya kila tarehe tano, mtoto aliyeingia kwenye unga wa kulevya, ujumbe wa mkopo wa simu unaolia kabla hata hujanawa uso.

Kwamba kinga ya mwili nayo huguswa, hilo limepimwa. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza: watu 394 wenye afya walidondoshewa virusi vya mafua puani wakiwa wametengwa. Wote walitiwa virusi, lakini si wote waliougua, na kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi zaidi kabla ya jaribio ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka. Utafiti mwingine ulikuwa mdogo lakini unatuhusu zaidi. Mwaka 1995, Ohio, Marekani, wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu walitiwa kijidonda cha milimita 3.5 mkononi, wakalinganishwa na wanawake wengine 13. Kwa wauguzaji kidonda kilichukua wastani wa siku 48.7 kupona. Kwa wenzao, siku 39.3.

Katika nyumba zetu mzee aliyepooza huangukia mikononi mwa mtu mmoja, mara nyingi binti asiyeolewa au mke wa mwana. Wengine huja kumjulia hali, wakanywa kahawa barazani, wakaondoka. Ikiwa huyo muuguzaji ana kisukari na kidonda cha mguu, basi kugawana zamu ni sehemu ya matibabu yake kama bendeji ilivyo, na daktari angefanya vyema kuuliza: "Usiku mzee anaamshwa na nani?"

Presha, kwa karibu

Hakuna ugonjwa unaosingiziwa mawazo kama presha, kwa hivyo inafaa twende polepole. Msongo hupandisha presha kwa muda, hilo halina shaka. Lakini presha inayokaa miaka hujengwa zaidi na umri, urithi, unene, chumvi, pombe na kutotembea. Mawazo huchangia hasa kwa kuingia mlangoni mwa hayo.

Chukulia mama wa miaka 48 wa Likoni anayeuza mahamri na mbaazi. Analala saa tano usiku baada ya kukanda unga, anaamka saa tisa kuchoma. Hizo ni saa nne za usingizi, katika chumba chenye joto na feni isiyofanya kazi umeme ukikatika. Maji ya bomba hayajatoka wiki hii, kwa hivyo anapikia ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Mombasa yana chumvi, kisha anatia chumvi nyingine kwa mazoea, na kiungo cha pakiti juu yake. Kipande cha ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, kikitiwa mchuzini, ndiyo kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ile iliyofichwa kwenye mkate, achari na chipsi.

Usingizi mchache unamletea kichwa. Anapita duka la dawa, ananunua diklofenaki. Dawa hii huyumbisha kazi ya figo na kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha inapanda, na kama anameza dawa ya presha, nguvu zake zinapungua. Tumbo nalo linachubuka. Akiendelea kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa zenyewe huanza kumletea kichwa. Sasa ana kichwa, kiungulia na presha, na kila mtu anamwambia ni mawazo. Sawa, ni mawazo, ila yamepitia usingizini, kisimani na kwenye kaunta ya duka la dawa, na kila kituo kinaweza kuguswa. Parasetamoli badala ya diklofenaki, vidonge viwili vya miligramu 500 kila anapohitaji, visizidi vinane kwa siku, na si kila siku. Chumvi isiongezwe mezani, na ng'onda iloweshwe, maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Unga ukandwe na binti siku tatu kwa wiki ili mama apate saa mbili zaidi za kulala. Mambo madogo, lakini kuambiwa "punguza mawazo" hakumwonyeshi hata moja kati yake.

Anafika zahanati akiwa ametoka kuikimbilia feri, jasho linamtiririka. Muuguzi anayejua kazi hamfungi mashine papo hapo.

"Keti kwanza mama, pumzika. Haja ndogo umekwenda?"

"Bado, mwanangu."

"Nenda kwanza. Tutapima ukirudi."

Hakumwonea huruma tu. Kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 au zaidi. Kuongea wakati wa kupimwa nako kunapandisha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo haipo, na mkanda uliofungwa juu ya mkono wa buibui hautoi kipimo cha kuaminika. Utaratibu ni huu: mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kupandishwa mmoja juu ya mwingine, mkono wazi umelazwa mezani usawa wa moyo. Kahawa, sigara na muguka viwe vimeachwa nusu saa kabla. Apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili, wastani ndio uandikwe. Ni presha ikiwa inafika 140/90 kwa siku mbili tofauti, si mara moja tu baada ya feri.

Wako pia ambao presha yao hupanda kwa kuona tu koti jeupe. Hao wapimwe nyumbani, ambako mpaka ni 135/85: asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila wakati, kwa siku saba, na siku ya kwanza isihesabiwe. Asiye na mashine amwite mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwishoni mwa 2023 wahudumu hao nchini Kenya wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari.

Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, uso kupinda, mkono kulegea, kuongea ovyo au macho kutoona, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Ikifika hapo bila dalili yoyote, pumzisha, pima tena, onana na daktari siku hiyo au inayofuata. Kile kidesturi cha kupasua kidonge cha nifedipini, dawa ya kushusha presha, na kukimiminia chini ya ulimi kiachwe kabisa. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo vinakosa damu.

Nani anayeamua siku yako

Mwaka 1967, London, ulianza uchunguzi wa watumishi wa serikali wa kiume wapatao 18,000, uliojulikana kwa jina la Whitehall, barabara yenye ofisi zao. Hakukuwa na fukara kati yao. Wote walikuwa na mshahara na haki ya kutibiwa. Hata hivyo wa daraja la chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo kama mara tatu ya wale wa juu, na kila ngazi ilikuwa na vifo vichache kuliko ile iliyo chini yake. Sigara, presha na lehemu kwa pamoja hazikutosha kueleza tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 chini ya Michael Marmot na kuwaingiza wanawake, ulionyesha kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe kunaandamana na maradhi ya moyo.

Hilo halihitaji tafsiri kwa kibarua anayesimama asubuhi asijue kama leo ataitwa au atarudi mikono mitupu. Kinachomla ni uzito wa gunia pamoja na kutojua. Mtu wa namna hii ukimpangia kliniki Jumanne saa mbili asubuhi, umemtaka achague kati ya dawa na unga wa jioni, na akikosa anaandikwa kwenye faili kuwa "mkaidi". Kliniki inayompa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo, presha yake ikiwa imetulia, imemtibu vizuri kuliko ile inayompa za wiki mbili pamoja na karipio.

Hapa ndipo tunapokosana na wale wanaohubiri kwamba afya ni uamuzi wa mtu binafsi. Uamuzi upo, lakini haugawiwi sawa.

Kile ambacho mwili unakingojea

Barazani kuna habari inayowafanya wanaume wengi waache dawa za presha: kwamba zinaua nguvu za kiume. Baadhi zinaweza kuleta shida hiyo kweli, na presha yenyewe isiyotibiwa inaleta, maana inaharibu mishipa ileile. Lakini sikiliza jaribio lililochapishwa 2003. Wanaume 96 wenye maradhi mapya ya moyo na mishipa walipewa dawa moja ya presha, atenololi, miligramu 50 kwa siku, kwa makundi matatu. Wa kwanza hawakuambiwa wanameza nini. Wa pili waliambiwa jina la dawa. Wa tatu waliambiwa jina na madhara yake kwa nguvu za kiume. Baada ya miezi mitatu, waliolalamika walikuwa asilimia 3.1, asilimia 15.6 na asilimia 31.2. Dawa ni ileile. Kisha waliolalamika wakapewa ama dawa ya nguvu ama kidonge kitupu kisicho na dawa, na vyote viwili vikafanya kazi, isipokuwa kwa mmoja.

Asiseme mtu kwamba walijidanganya. Hofu huamsha adrenalini, adrenalini hubana mishipa, na mishipa iliyobanwa hailishi kiungo damu. Upande wa kheri unafanya kazi vivyo hivyo. Mwaka 1978, San Francisco, wagonjwa waliong'olewa magego walidungwa sindano tupu isiyo na dawa na baadhi yao wakapata nafuu. Walipodungwa naloksoni, dawa ileile ya kumwamsha aliyezidisha unga wa kulevya, nafuu ikapungua. Maana yake ni kwamba ubongo ulikuwa umemwaga dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu, na naloksoni ikazizuia.

Basi mgonjwa afichwe madhara? Hapana, ana haki ya kujua. Kinachofaa ni namna ya kusema: "Wanaume wengi hawapati shida yoyote na dawa hii. Ukiona mabadiliko, usiiache, njoo tuibadilishe, ziko nyingine." Sehemu ya mwisho ni ya muhimu, maana atenololi ikikatwa ghafla inaweza kuufanya moyo uende mbio, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari.

Mipaka ya jambo hili nayo isemwe. Matumaini hayaponyi saratani, na kumwambia mgonjwa wa chemo "fikiria mazuri utapona" ni kumtwika lawama siku uvimbe utakaporudi. Moyo uliotulia humsaidia kula, kulala na kumaliza matibabu. Hilo linatosha bila kuongezwa chumvi.

Kijicho, kisomo na Ramadhani

Mtu wa Pwani akiugua muda mrefu, mara nyingi kuna maelezo mawili yanayokwenda sambamba: la hospitali, na la kijicho, hasadi au jini. Mhudumu anayecheka la pili hamwondolei mgonjwa imani yake, anamwondolea tu hamu ya kumweleza. Swali linalofaa ni jepesi: "Nyumbani mnadhani ni nini, na mmeshafanya nini?" Hapo ndipo utakaposikia kwamba mgonjwa amepewa miti shamba ya kunywa, au ameambiwa aache dawa siku saba ili tiba ishike. Kisomo na vidonge havigombani. Pa kusimama imara ni pachache: dawa za kifafa, kisukari na presha zisisimamishwe, na anayeanguka kwa kifafa asifungwe wala kupigwa.

Ramadhani ni mfano mzuri wa imani na mwili kukutana kwenye saa ya ukutani. Mwenye kisukari anayetaka kufunga aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla. Dawa ya presha ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari kwa urahisi, lakini kipimo cha insulini hubadilishwa na daktari, si kwa kukisia. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwenye mashine, afuturu hapohapo. Kutoboa kidole kupima sukari hakuvunji saumu. Wanaoacha kupima mchana kwa kuogopa hilo ndio huletwa hospitali alasiri wakiwa wamezimia.

Kifua kikibana ghafla

Moyo unadunda, pumzi inakatika, vidole vinakufa ganzi, mtu ana hakika anakufa. Mara ya kwanza kabisa, hasa kama umepita miaka 40 au una presha au kisukari, nenda hospitali upimwe moyo. Usikubali kuambiwa na mtu wa nyumbani kwamba ni mawazo. Wanawake hasa hucheleweshwa kwa kauli hiyo.

Ikiwa moyo umepimwa na uko salama, hicho ni kishindo cha hofu. Kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika kumi, kisha hushuka. Ganzi ya vidole hutokana na kuhema kwa kasi mno kunakotoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi. Dawa yake ya papo hapo ni kupunguza kasi: vuta hewa kwa puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita, kwa dakika tano. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Usipumulie kwenye mfuko wa karatasi. Kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo inaweza kudhuru.

Sonona, na swali linaloogopwa

Wengi wenye sonona, ugonjwa wa huzuni ya kudumu, hawaji wakisema "nina huzuni". Huja wakisema mwili wote unauma, kichwa kinawaka moto, roho inadunda, hawana nguvu. Vipimo vikirudi safi, maswali mawili yanafungua mlango: katika wiki mbili zilizopita, umekosa raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja, mtu apimwe zaidi. Sonona hutibika kwa mazungumzo ya utaratibu, kwa dawa, au kwa vyote. Dawa kama fluoksetini huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonekana nafuu, wakati madhara kama kichefuchefu huja wiki ya kwanza, na ndiyo sababu wengi huiacha siku ya kumi wakiamini imewadhuru bila faida.

Mazungumzo hayahitaji daktari bingwa. Harare, Zimbabwe, mradi wa Dixon Chibanda uliwafunza wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao mabibi, kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki. Matokeo yaliyochapishwa 2016, ya wagonjwa 573 katika kliniki 24, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14, na kama asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hawakutoa nasaha za jumla. Walifuata hatua: taja matatizo yote, chagua moja tu, lile linaloweza kuguswa wiki hii, orodhesha njia za kulikabili, chagua moja, sema utaifanya siku gani na nani atakusaidia, urudi kueleza ilikuwaje. Pale inapokwama huwa ni kwenye hatua ya pili. Mtu hutaka kumaliza deni lote, akashindwa, akazama zaidi. "Jumatano nitakwenda kwa mwenye nyumba kuomba nilipe mara mbili" ni hatua. "Nitatafuta pesa" si hatua.

Swali ambalo ndugu huogopa kuliuliza ni kama mgonjwa amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Muulize kwa maneno ya wazi, mkiwa wawili. Hofu ya kushtakiwa nayo ina jibu: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Sumu ya panya, kamba na vidonge vya mzee vitolewe nyumbani. Akiwa tayari amepanga namna na siku, apelekwe hospitali usiku huohuo, na anayempeleka abaki naye mpaka ameonwa, amebeba vidonge vyote anavyotumia na karatasi za vipimo vya zamani.